Kilo za Chakula Zimeenda kwa Kundi Gani? Kuingiza Rekodi Mpya kwenye Fomu Ndogo Zilizounganishwa



Leo tunaacha kidogo habari za nyavu, maboya na vifaranga, tunaingia ofisini. Najua wengine mkisikia "ofisini" usingizi unakuja. Vumilia kidogo, maana kuna hela ya mfugaji wa sato inayopotea bila samaki hata mmoja kufa, na leo tunaifuata mpaka inapopotelea.

Ufugaji wa vizimba umekua haraka kwenye ufukwe wetu. Ukizunguka Ilemela, Magu, Sengerema, Buchosa mpaka Ukerewe, unakuta vikundi vya vijana wenye vizimba ambavyo miaka michache iliyopita havikuwepo. Januari 2024 Rais Samia alikabidhi boti na vizimba hapa hapa Mwanza, na Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, imekuwa ikitoa mikopo nafuu kwa kazi hii. Sasa mkopo una tabia moja: unataka hesabu. Mtu wa benki hatakuuliza kama samaki wako wanapendeza. Atakuuliza ulitumia kilo ngapi za chakula kupata kilo moja ya samaki.

Ndiyo maana vijana wengi wametoka kwenye daftari, wakapita kwenye Excel, na sasa wanajenga kanzidata kwenye kompyuta kwa kutumia Microsoft Access. Ni hatua nzuri sana. Lakini swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Afisa, nimetengeneza fomu ya kizimba, ndani yake kuna fomu ndogo ya makundi ya samaki na fomu ndogo ya chakula. Nikiingiza rekodi mpya ya chakula inagoma, au inaingia halafu siioni tena. Imeenda wapi?"

Jibu fupi: imekosa mama. Jibu refu ndiyo makala ya leo.

Hasara inavyojificha

Tuchukue mfano wa kizimba kimoja chenye misimu miwili. Namba hizi ni za mfano tu ili hesabu ieleweke.

Kundi la kwanza ulipandikiza vifaranga 6,000 vya wastani wa gramu 10. Hiyo ni kilo 60 za kuanzia. Ulivuna samaki 5,400 wa wastani wa gramu 400, yaani kilo 2,160. Toa kilo 60 za mwanzo, ongezeko la uzito ni kilo 2,100. Chakula ulichowalisha ni kilo 3,360. Gawa 3,360 kwa 2,100 unapata 1.6. Hiyo ndiyo FCR: kila kilo moja ya ongezeko imekula kilo 1.6 za chakula.

Kundi la pili likaenda vilevile: vifaranga idadi ileile, mavuno yaleyale, chakula kilekile. FCR yake nayo ni 1.6.

Sasa tazama kinachotokea ofisini. Kijana wa zamu kizimbani anaandika kwenye daftari. Daftari linafika ofisini likiwa limechelewa. Kurasa za siku kumi za mwisho za kundi la kwanza, kilo 42 kwa siku, jumla kilo 420, zinaingizwa kwenye kompyuta baada ya kundi la pili kuwa limeshafunguliwa. Anayeingiza anafungua fomu ya kizimba, anaona ni kizimba chenyewe, anaandika. Kizimba ni sahihi. Kundi siyo.

Matokeo yake kompyuta inasema hivi:

- Kundi la kwanza: kilo 2,940 za chakula, FCR 1.4
- Kundi la pili: kilo 3,780 za chakula, FCR 1.8

Ukijumlisha makundi yote mawili hesabu inafunga vizuri kabisa. Hakuna kilo iliyopotea. Ndiyo maana hili kosa ni gumu kulikamata.

Lakini wewe unasoma ripoti unaona kundi la pili limekula sana bila kukua. Unamlaumu mzalishaji wa vifaranga, unahama, unaenda kununua kwingine vifaranga usivyovijua. Unamtuhumu kijana wa zamu kwamba anauza chakula chako usiku. Na ukienda benki na ile 1.4 ya kundi la kwanza kama ndiyo uwezo wako, unaomba hela ya chakula kilo 2,940 kwa msimu ujao wakati samaki wako watahitaji 3,360. Kwa bei ya mfano ya shilingi 2,500 kwa kilo, umepungukiwa shilingi 1,050,000. Na upungufu huo hautauona mwanzo. Utauona siku kumi za mwisho, samaki wakiwa wakubwa, wanakula zaidi, na stoo imebaki mifuko mitupu.

Chakula kinabeba zaidi ya nusu ya gharama zote za kizimba. Kwa hiyo ukikosea mahali pa kukiandika, umekosea biashara yenyewe.

Bibi, mama na mjukuu

Kanzidata ya kizimba ina vizazi vitatu.

Kizimba ndiyo bibi. Kina jina, vipimo, na mahali kilipofungwa. Rekodi yake unaiandika mara moja.

Kundi ndiyo mama. Ni vifaranga vilivyopandikizwa kwenye kizimba hicho siku fulani. Kina tarehe ya kupandikiza, idadi, uzito wa wastani, vilipotoka, na baadaye tarehe ya kuvuna. Kizimba kimoja kitakuwa na makundi mengi kwa miaka, moja baada ya jingine.

Lishe, Vifo, Sampuli na Mauzo ndio wajukuu. Kila rekodi hapa ni tukio la siku moja: leo asubuhi wamekula kilo ngapi, wamekufa wangapi, wana uzito gani.

Sheria ni moja, ibandike ukutani: mjukuu hutambulishwa kwa mama yake, siyo kwa bibi yake. Jedwali la Lishe libebe namba ya kundi, KundiID. Lisibebe namba ya kizimba. Ukishajua kundi, kompyuta inajua kizimba yenyewe. Lakini ukijua kizimba tu, hakuna namna ya kujua ni samaki wa msimu gani waliokula.

Wengi wanaunganisha fomu ndogo ya chakula moja kwa moja na kizimba kwa sababu ndiyo njia rahisi, na Access haitakukataza. Hapo ndipo ile 1.4 na 1.8 zinapozaliwa.

Kujenga majedwali kwanza

Kabla ya kugusa fomu, hakikisha majedwali yako yako hivi.

1. Jedwali la Vizimba lina KizimbaID, namba inayojitoa yenyewe, na ndiyo ufunguo mkuu.
2. Jedwali la Makundi lina KundiID yake inayojitoa yenyewe, na lina safu ya KizimbaID ya kupokea namba ya bibi. Safu hii iwe ya namba ya kawaida, usiifanye ijitoe yenyewe.
3. Jedwali la Lishe lina LisheID yake, na safu ya KundiID ya kupokea namba ya mama. Nayo iwe namba ya kawaida.
4. Kwenye hizo safu za kupokea, nenda palipoandikwa "Required" weka Yes. Na kama kwenye "Default Value" kuna sifuri, ifute. Sifuri siyo mama wa mtu.
5. Fungua dirisha la mahusiano, unganisha KizimbaID kwa KizimbaID na KundiID kwa KundiID, halafu weka tiki kwenye "Enforce Referential Integrity". Tiki hiyo inaiambia Access ikatae mtoto yeyote ambaye mama yake hayupo.

Chini yake kuna kisanduku cha kufuta kwa mfululizo. Kiache bila tiki. Ukikiweka tiki halafu mtu akafuta kizimba kimoja, makundi yake na chakula chake chote vinakwenda nacho.

Hatua ya 4 na ya 5 ndizo kufuli za nyumba. Fomu ni mlango tu. Mlango mzuri usio na kufuli hauzuii mwizi.

Kuunganisha fomu ndogo mbili

Fomu kubwa ni ya kizimba. Ndani yake weka fomu ndogo ya makundi, iwe ya mfumo wa orodha ili makundi yote ya kizimba hicho yaonekane mistari kwa mistari. Ipe jina fdogoKundi. Bofya ukingo wake, fungua sifa zake, utaona "Link Master Fields" na "Link Child Fields". Zote mbili andika KizimbaID. Kuanzia hapo, ukiongeza mstari mpya wa kundi, Access yenyewe inaandika namba ya kizimba kilicho juu. Wewe huandiki.

Sasa fomu ndogo ya pili, ya lishe. Hii inatakiwa ifuate kundi ulilolichagua kwenye orodha ya kwanza. Shida ni kwamba fomu hizi mbili ndogo ni ndugu wanaokaa nyumba moja. Hazisemeshani moja kwa moja. Zinahitaji mtu katikati.

Mtu huyo ni kisanduku cha maandishi unachokiweka kwenye fomu kubwa. Kipe jina KundiSasa. Kwenye "Control Source" yake andika:

=[fdogoKundi].[Form]![KundiID]

Maana yake: "nioneshe namba ya kundi ambalo mshale uko juu yake sasa hivi." Kisha nenda kwenye sifa za fomu ndogo ya lishe. "Link Master Fields" andika KundiSasa. "Link Child Fields" andika KundiID.

Basi. Ukibofya kundi la kwanza, chini inakuja lishe ya kundi la kwanza. Ukibofya la pili, inabadilika. Na ukiongeza rekodi mpya ya chakula, namba ya kundi inajiandika yenyewe.

Watu wengi wakimaliza wanakificha kile kisanduku. Mimi nashauri usikifiche. Kiweke juu ya fomu ya lishe, maandishi makubwa, na pembeni yake weka tarehe ya kupandikiza ya kundi hilo. Anayeingiza data anatakiwa aone kwa macho yake anamwandikia nani.

Siku ya kazi: utaratibu wa kuingiza rekodi mpya

Mfundishe kijana wako wa ofisi utaratibu huu, na usibadilishwe.

*Kwanza*, tafuta kizimba. Usikiandike upya kama kipo.

*Pili*, kama ni msimu mpya, nenda kwenye mstari wa mwisho wa orodha ya makundi, ule wenye alama ya nyota. Andika tarehe ya kupandikiza, idadi na uzito. Ukianza kuandika, nyota inageuka kuwa penseli. Penseli maana yake bado haijahifadhiwa. Bonyeza Shift na Enter, penseli itaondoka. Sasa kundi limezaliwa.

*Tatu*, hakikisha mshale uko juu ya kundi lenyewe na kisanduku cha KundiSasa kinaonesha namba. Kama kiko tupu, simama hapo hapo.

*Nne*, shuka kwenye fomu ya lishe, nenda kwenye nyota, andika tarehe ya kwenye daftari, kilo, na saa ya kulisha. Ukihamia mstari unaofuata, rekodi inajihifadhi yenyewe. Umeme ukikatika baada ya hapo, hicho kilo hakijapotea.

Jambo dogo kuhusu tarehe. Wataalamu wengi wa kompyuta watakuambia uweke tarehe ya leo ijiandike yenyewe. Kwa duka ni sawa. Kwa kizimba ambacho daftari linafika siku kadhaa baadaye, ni mtego. Chakula cha tarehe 3 kitaingia kama cha tarehe 13. Acha tarehe iwe tupu, na iwe ya lazima, ili mtu aisome kwenye daftari na kuiandika.

Inapogoma, inakuambia nini?

Access ikigoma usikasirike. Mara nyingi inakulinda.

*Inasema lazima uandike thamani kwenye KundiID.* Umeruka hatua ya pili au ya tatu. Mshale ulikuwa kwenye nyota ya makundi, yaani kwenye kundi ambalo bado halijazaliwa, na KundiSasa iko tupu. Bonyeza Esc kufuta ulichoandika, panda juu, chagua kundi, shuka tena.

*Inasema inahitajika rekodi inayohusiana kwenye jedwali la Makundi.* Namba ipo lakini mama huyo hayupo. Mara nyingi ni ile sifuri ya "Default Value" niliyoitaja.

*Imeingia vizuri, lakini ukifunga na kufungua huioni.* Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haikugoma. Inatokea kama hukuweka kufuli za hatua ya 4 na 5. Rekodi ipo kwenye jedwali, lakini haina namba ya kundi, kwa hiyo haitokei chini ya kundi lolote. Fungua jedwali la Lishe lenyewe, panga kwa KundiID, na zile zenye nafasi tupu zitakuja juu. Hao ndio yatima wako. Watafutie mama kwa kutumia tarehe na daftari, mmoja mmoja, kisha weka kufuli.

*Ukifungua fomu ndogo unaona mstari mtupu tu, rekodi za jana hazipo.* Usiingize upya! Angalia kwenye sifa za fomu hiyo palipoandikwa "Data Entry". Kama ni Yes, fomu inaonesha nafasi ya rekodi mpya peke yake. Weka No, zitarudi zote. Nimeona wiki nzima ya chakula ikiingizwa mara mbili kwa sababu hii.

*Mstari wa nyota haupo kabisa.* Ama "Allow Additions" imewekwa No, ama fomu yako imejengwa juu ya hoja inayojumlisha, kwa mfano jumla ya kilo kwa mwezi. Jumla haiwezi kupokea rekodi mpya. Fomu ya kuingizia ijengwe juu ya jedwali la Lishe lenyewe. Jumla ziwekee ripoti yake.

Mtego wa Jumamosi

Kufuli zote hizo zinazuia yatima. Hazizuii mtoto kupewa mama asiye wake, kama kwenye mfano wetu wa kilo 420. Kundi la pili lilikuwepo, namba yake ilikuwa halali, Access ikakubali.

Hapo tunatumia tarehe. Tengeneza hoja moja inayounganisha Lishe na Makundi, na iorodheshe kila chakula ambacho tarehe yake iko kabla ya tarehe ya kupandikiza ya kundi lake, au baada ya tarehe yake ya kuvuna. Samaki hawawezi kula kabla hawajafika, wala baada ya kupelekwa Mwaloni Kirumba. Orodha ikitoka tupu, uko salama. Ikitoka na mistari kumi ya kilo 42, umekamata 1,050,000 yako kabla haijakutia aibu benki.

Iendeshe kila Jumamosi jioni. Ni kazi ya dakika moja.

Vifo navyo vina mama

Kila nilichosema kuhusu chakula kinahusu pia fomu ndogo ya vifo, na hapa kuna faida nyingine ambayo mwenye daftari hana.

Mwezi Novemba 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kenya, kwenye ghuba ya Kisumu, walipoteza samaki wengi kwa muda mfupi, na watafiti wakaonesha kidole kwenye upungufu wa oksijeni majini. Ziwa ni moja. Maji ya chini yenye oksijeni kidogo yakipandishwa juu na upepo hayaulizi mpaka wa nchi.

Ukiwa umeandika vifo chini ya kila kundi, na tarehe na saa, unaweza kulinganisha. Vifo vikipanda asubuhi moja kwenye vizimba vyako vyote, vyenye makundi tofauti yaliyotoka kwa wazalishaji tofauti, fikiria maji kwanza. Vikipanda kwenye kundi moja tu na majirani zake wako salama, fikiria vifaranga wenyewe, namna walivyoshikwa na kusafirishwa, au ugonjwa. Taarifa ya namna hiyo ukimpelekea afisa uvuvi wa halmashauri au wataalamu wa TAFIRI pale Mwanza, wanajua waanzie wapi. Ukiwaambia "samaki wanakufa kufa tu", na wao wataanzia sifuri.

Pia bila vifo sahihi huwezi kujua wamebaki wangapi, na bila kujua wamebaki wangapi hujui uwalishe kilo ngapi kesho. Kulisha samaki waliokufa ni hasara mara mbili: chakula kinazama, na kinachafua maji ya walio hai.

Samaki wakihamishwa je?

Hili linawachanganya wengi. Baada ya miezi kadhaa unachambua samaki kwa ukubwa, wakubwa unawaacha, wadogo unawahamishia kizimba kingine. Wale wadogo ni kundi gani?

Ushauri wangu: fungua kundi jipya kwenye kizimba kipya, na kwenye jedwali la Makundi ongeza safu ya KundiAsili yenye namba ya kundi walikotoka. Tarehe ya kuhama inakuwa tarehe ya kupandikiza, na uzito wao wa siku hiyo unakuwa uzito wa kuanzia. Kwenye kundi la zamani andika idadi na kilo zilizohama, ili wasije kuhesabiwa kama wamekufa. Usibadilishe namba ya kizimba kwenye kundi la zamani, maana ukifanya hivyo na chakula chote walichokula zamani kitahama nalo.

Maswali ninayoulizwa sana

*Nina kizimba kimoja tu, kweli nahitaji kanzidata?*
Kwa kizimba kimoja, daftari safi au Excel vinatosha, mradi uandike namba ya kundi kwenye kila mstari. Vikifika vinne, vitano, Excel inaanza kukubali chochote unachoandika, hata kundi ambalo halipo.

*Access ni ya kulipia, na mimi sina hela hiyo.*
Ipo LibreOffice Base, ni ya bure. Nayo ina fomu na fomu ndogo, na unaweza kupanga fomu ya lishe ndani ya fomu ya kundi, na ya kundi ndani ya kizimba. Majina ya vitufe yanatofautiana, lakini sheria ya mama na mjukuu ni ileile.

*Naweza kuitumia kwenye simu nikiwa kizimbani?*
Access ni ya kompyuta ya Windows. Kizimbani tumia daftari lenye kurasa zilizoandikwa namba ya kundi juu kabisa. Kijana apige picha ukurasa kila jioni na kutuma kwa WhatsApp. Daftari likilowa, picha ipo.

*Kompyuta ikiibiwa?*
Nakili faili zima kwenye flashi kila Jumamosi ukimaliza ile hoja ya tarehe. Flashi isikae kwenye mkoba mmoja na kompyuta.

Kazi ya wiki hii

Usianze kwa kujenga upya. Fungua jedwali lako la chakula kama lilivyo leo, na jiulize swali moja kwa kila mstari: hizi kilo zimeenda kwa kundi gani? Kama jedwali haliwezi kujibu, ongeza safu ya KundiID, kaa na daftari lako na kijana wako wa zamu mkiwa wawili, mjaze mstari kwa mstari kuanzia msimu huu. Msimu uliopita utafuata mkipata nafasi. Halafu weka kufuli, unganisha fomu, na piga tena hesabu ya FCR ya kila kundi.

Kama umewahi kumwacha mzalishaji wa vifaranga kwa sababu ya namba mbaya, au kumfukuza kijana kazi kwa tuhuma za chakula, hesabu hiyo mpya isome taratibu. Inawezekana unadaiwa simu ya kuomba radhi.

Ukikwama, fika ofisi ya uvuvi ya halmashauri yako na kompyuta yako mkononi. Walio karibu na Nyegezi, chuo cha FETA kipo, kaulizieni mafunzo ya ufugaji wa samaki.

Kazi njema, na maji yawe tulivu.